Salamu Zilizokatwa kwa Wembe

Mnaniita mtu wa redio, na kila mkiniita hivyo nasikia aibu kidogo, kwa sababu sauti yangu haikuwahi kutoka redioni, ukiacha chafya moja niliyopiga katikati ya maelezo ya mbolea. Mimi nilikuwa mbeba mashine. Kwenye karatasi ya ajira waliandika "fundi mitambo msaidizi". Nilipoisoma nyumbani mama akauliza, msaidizi wa nani? Shule yangu iliishia darasa la saba. Nina tabia ya kuandika kila jioni yale niliyoyaona mchana, lakini hata anayeandika jioni hiyo hiyo anaweza kuwa alisikia vibaya mchana, kwa hiyo mnisome kwa tahadhari.

Ninyi vijana wa habari mnazunguka mashambani na simu, mnamrusha mkulima hewani kabla hata hajanawa mikono. Siwalaumu. Mmeuliza sisi tulikuwa tunafanyaje, na mimi nawajibu kadiri ninavyokumbuka.

Ilikuwa miaka ya sabini. Ofisi yetu ya habari za kilimo ilikuwa Mbeya mjini, chumba kimoja cha kazi na kingine cha mbegu za maonyesho, ambazo kwa kweli walioonyeshwa sana ni panya. Lami ya kwenda Zambia ilikuwa bado inang'aa. Kijiji kilichobahatika kilikuwa na redio moja, kwa mwenyekiti au kwa katibu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kitu cha kanisani. Jioni ya kipindi cha wakulima watu walikusanyika pale na vigoda vyao, wakasikiliza mpaka mwisho, halafu wakabishana. Kazi yetu ilikuwa kumfuata mkulima kwake, kumrekodi, kurudi Mbeya kutengeneza utepe, na kuupeleka Dar es Salaam kwa basi. Siku ikifika, mkulima wa Uporoto anasikika Iringa, na wa Iringa anasikika mpaka Usangu. Watu walikuwa hawajazoea. Wengine walizunguka nyuma ya redio kumtafuta msemaji, na si watoto tu.

Mashine yenyewe ya kurekodi ilikuwa nzito kama mtoto aliyekaribia kuanza shule, na kama mtoto huyo haikupenda vumbi, mvua wala kusubiri. Betri zikipoa kule milimani zilikuwa zinachoka, na mtu aliyerekodiwa asubuhi akisikika baadaye anasema haraka haraka kama aliyefumwa anaiba. Nilijifunza kuzibeba betri ndani ya koti, kwapani. Hakuna aliyenifundisha, niliona tu mwanamke mmoja wa Isangati anavyowapasha joto vifaranga.

Kuhusu maiki nitawaambia moja tu. Usimnyooshee mtu kama unataka kumpiga nayo. Ishike chini ya kidevu chako mwenyewe kwanza, ongea upuuzi wowote, umwache aone kwamba haiumi. Kisha mrudishie sauti yake aisikie. Hapo ndipo kazi inapoharibika au kutengenezeka. Mama mmoja alisikiliza sauti yake mpaka mwisho, akanirudishia vile visikizi vya masikioni taratibu, akasema, "Huyo si mimi. Huyo ni dada yangu wa Tukuyu, na mpaka leo anapenda kujisifu."

Kule Usangu mfugaji mmoja wa Kisukuma, aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini, alikataa kukaa chini. Alisema akikaa maneno yanakaa pia. Kwa hiyo alitembea nyuma ya ng'ombe, na mimi nikatembea mbele yake kinyumenyume, mashine begani, nikirekodi habari za kupe. Nilianguka kwenye mfereji. Yeye akaendelea kusema. Sehemu hiyo ilikuwa nzuri kuliko zote, tukairusha.

Sasa niwaeleze wembe, kwa sababu bila wembe hamtaelewa yaliyompata Mzee Mwaikuka.

Utepe ulikuwa kama ugwe mwembamba wa rangi ya kahawia. Maneno yalikuwa yamelala juu yake. Ukitaka kuondoa neno, unauvuta utepe polepole kwa mkono mpaka ulisikie neno linaanza, unatia alama kwa kalamu nyeupe, unakata kwa wembe, unaondoa kipande, unaunganisha ncha kwa gundi. Mkuu wetu, Bwana Sanga, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Aliondoa vikohozi, milio ya kuku, kigugumizi, na salamu. Salamu ndizo zilizokuwa nyingi kuliko kuku.

Naomba nimtendee haki Bwana Sanga. Yeye mwenyewe ni mtu wa Makete, anajua watu wetu wanavyosalimiana: umeamkaje, watoto wameamkaje, mama yako, ng'ombe, mvua, na wale wa ng'ambo ya mto. Hakuwa mtu wa dharau. Lakini kipindi kilikuwa kifupi, na alikuwa akisema, "Pareto ya mtu inaoza huko, mimi nimwache asikilize habari za shangazi?" Mimi nilikuwa nafagia vile vipande vya utepe jioni, na niliona ana haki.

Mzee Mwaikuka alikuwa mkulima wa pareto, yale maua meupe yanayotengenezewa dawa ya wadudu, juu kabisa Uporoto, mahali ambapo ukungu unaingia ndani ya nyumba na kukaa. Mwaka ule mvua zilizidi. Watu walikuwa wanachuma maua yakiwa yameloa, wanayalundika, yanapata joto na kuwa meusi, na kituo cha ununuzi kinayakataa. Ya Mzee Mwaikuka hayakukataliwa. Bibi shamba wa eneo lile, ndivyo tulivyomwita mtaalamu wa kilimo mwanamke, alikuwa Bi Tusekile, na ndiye aliyetupeleka. Mzee alisalimu kwenye maiki kwa utulivu, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, akawauliza wasikilizaji hali ya kila kitu, kisha akaeleza namna ya kuanika. Bwana Sanga akakata salamu kama kawaida. Maneno yake yakaanza moja kwa moja: "Maua yasilundikwe."

Ikarushwa. Tukapata sifa kutoka juu.

Wiki chache baadaye nilitumwa Ruaha Mbuyuni kurekodi habari za vitunguu. Kule ni bondeni, joto, barabara kuu inapita katikati. Kiongozi wa wakulima wa vitunguu alikuwa Mzee Kihwele, Mhehe, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Nilimsalimu, "Kamwene," akaitikia vizuri, akanipa kiti, akanipa maji. Nilipofungua mashine akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Hiyo hapana, mwanangu. Hiyo ifunge."

Nikauliza kuna nini.

"Unamjua mtu mmoja anaitwa Mwaikuka?"

Nikasema namjua.

"Mwanawe alikuwa kibarua hapa wakati wanajenga barabara. Anyelwisye. Kijana mzuri, sina neno naye. Amemposa binti yangu Veronika. Mshenga alishakuja, nikampokea. Mzee mwenyewe hatujaonana, Uporoto ni mbali. Nikaambiwa, baba wa kijana atasema redioni. Nikafurahi. Nikawaita ndugu zangu, nikamwita mama yangu, hawezi kutembea, tukambeba mpaka kwa katibu. Kijiji kizima kikajua leo mkwe anakuja."

Mkewe, aliyekuwa akisuka ukili pembeni, akamalizia bila kuinua macho. "Akaja. Hakubisha hodi. Hakuuliza tumeamkaje. 'Maua yasilundikwe.'"

"Mama yangu akaniuliza," akasema Mzee Kihwele, "huyo ndiye? Nikasema ndiye. Akasema nirudisheni nyumbani."

Nilimweleza habari ya wembe. Nilieleza vibaya, nadhani, lakini alinielewa. Aliuliza, "Mlikata? Kwa nini?" Nikasema muda. "Muda wa kufanya nini?" Wa kuwafundisha watu. Akasema, "Mtu asiyesalimu atamfundisha nani?"

"Lakini alisalimu, mzee. Nilikuwepo."

"Mimi nakuamini. Nitakwenda kwa nani na nani kusema kijana wa mashine ameniambia alisalimu? Kijiji kizima kilisikia. Walisikia kwa masikio yao. Watasema Kihwele anamtoa binti yake kwa watu wasiomtambua, anatafuta visingizio. Posa nimeisimamisha. Sijairudisha, nimeisimamisha. Na vitunguu hatutasema kwenye hiyo kitu."

Nikasafiri kurudi Mbeya na utepe mtupu.

Kabla ya kwenda ofisini nilipanda Uporoto. Mzee Mwaikuka alikuwa ameshapata habari kwa mshenga. Nilimkuta anageuza maua kwenye mikeka, akamaliza kwanza mkeka mmoja. Halafu akasema, "Nilisalimu." Nikasema ndiyo. "Mke wangu alinisikia nasalimu." Ndiyo. "Kijana wangu ananiuliza, baba, kwa nini hukusalimu? Nimjibu nini? Kwamba salamu zangu zilifagiwa?"

Sikumwambia nani aliyezifagia.

Bi Tusekile alikuwepo, na alijaribu kuleta kicheko. "Mzee, sisi kwetu mke wa mtoto akimwona baba mkwe anakimbia, anajificha migombani. Sasa wewe umeingia mpaka jikoni kwao kwa njia ya redio. Binti wa watu atakimbilia wapi?" Mzee alicheka kidogo, kwa heshima tu. Kisha akauliza kama tungeweza kumrekodi tena, salamu peke yake.

Nilipeleka ombi hilo kwa Bwana Sanga. Alinisikiliza hadi mwisho, na niliona limemuuma. Lakini alikataa. "Redio ni ya watu wote. Leo nikitoa salamu za mkwe mmoja, kesho nitakuwa na foleni ya wakwe kutoka hapa mpaka Tunduma. Nitawaambia nini?" Nilitaka kumpinga, nikatafuta hoja, sikuipata. Mpaka leo sijaipata. Nadhani alikuwa sahihi, na nadhani Mzee Kihwele alikuwa sahihi pia, na hilo ndilo lililonichosha kuliko kubeba mashine.

Mvua hazikukoma. Kituo kikaendelea kukataa maua ya watu, maana waliosikia mara ya kwanza walisikia "yasilundikwe" lakini hawakujua wayakaushe vipi mvua ikiendelea. Huo nao ni upungufu wa wembe: tulikuwa tumekata salamu, na pamoja nazo sehemu alipouliza hali ya mvua na kueleza yeye huyakaushaje ikinyesha. Bwana Sanga mwenyewe akasema tumrudie Mzee Mwaikuka, aeleze zaidi. Akanionya, "Pareto. Pareto tu."

Sasa hapa nataka niwe mwangalifu. Wako wanaosema mpango ulikuwa wa Bi Tusekile. Mimi nilikuwepo tangu tunafika mpaka tunaondoka, sikuwaona wakinong'ona. Wengine husema mzee alifikiria peke yake akigeuza maua yake. Sijui. Naandika nilichosikia.

Niliwasha mashine. Bi Tusekile akaanza kama tunavyoanza. "Umeamkaje, mzee?"

"Nimeamka salama, isipokuwa nimeamka mapema, maana mvua ilipiga usiku na maua ya jana yalikuwa na maji. Ninyi mnaonisikia, mmeamkaje? Na kama mliamka mkakuta yameloa, mmeyatandaza?"

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Nimewapa kazi ya kuyatandaza kwenye mkeka, ua lisilale juu ya ua. Watoto wanaweza, mikono yao ni midogo. Wa kwenu hawajambo? Wapeni kazi hiyo."

"Mama nyumbani?"

"Yupo. Yeye ndiye ananikataza kuchuma kabla umande haujakauka. Mimi nina haraka, yeye hana. Namsikiliza. Nawasalimu kina mama wote, na hasa wale wazee ambao hawawezi kutembea, wanaobebwa kuja kusikiliza. Nasema ndaga, asanteni kwa kuja."

Nilimtazama. Alikuwa anaangalia maua.

"Mifugo je?"

"Mifugo salama, naifukuza isilale kwenye banda la kukaushia. Pale ndipo naweka moto mdogo mvua ikizidi, moto wa moshi kidogo, maua yakae juu mbali nao, yasinuke moshi. Na huko bondeni, kwenye joto, mnaolima vitunguu, habari zenu? Sisi tunalilia jua, ninyi mnalo. Shingo za vitunguu zimekauka? Zisipokauka msiweke ghalani, mtaoza kama sisi. Nawauliza kwa sababu mkulima akimtembelea mwenzake huuliza shamba kwanza."

Aliendelea hivyo mpaka utepe ulipokaribia kuisha. Hakuna mahali aliposema, sasa nimemaliza kusalimu, naanza kufundisha.

Ofisini Bwana Sanga alivuta kiti, akashika wembe. Akauvuta utepe mbele, akaurudisha. Akatia alama nyeupe, akaifuta kwa kidole. Akasikiliza tena kuanzia mwanzo. Mimi nilijifanya nasafisha mashine. Mwishowe aliweka wembe mezani.

"Nikikata watoto, nakata mkeka," akasema. "Nikikata mama, nakata umande. Huyu mzee ametushona."

Nikasema, labda pale kwenye vitunguu pangeweza kukatwa.

"Vitunguu ni kilimo. Siwezi kukataa kilimo." Nadhani alijua kila kitu, lakini sikumuuliza. Akautia utepe ndani ya kasha lake bila kuukata popote, akaandika juu yake: pareto na vitunguu, nyanda za juu na bondeni.

Niliomba ruhusa niwe Ruaha Mbuyuni siku ya kurushwa, kwa kazi ya vitunguu ambayo bado nilikuwa sijaifanya. Nilikwenda kwa katibu mapema. Mzee Kihwele alikuwepo, amekaa mbali kidogo na redio, mikono magotini. Nilimwomba aje na mama yake. Alinikatalia, halafu akainuka akaenda kumleta. Alimbeba mgongoni, yeye mwenyewe mzee. Veronika alikuja na wanawake wengine, akakaa nyuma yao. Kama angeamua kukimbia, mlango ulikuwa karibu.

Kipindi kikaanza. Sauti ya Mzee Mwaikuka ikatoka. "Mmeamkaje?"

Hakuna aliyejibu. Ilikuwa jioni, na bado ikasikika sawa tu.

Nilikuwa namtazama Mzee Kihwele usoni, jambo ambalo si adabu. Ilipofika kwa watoto, mjomba mmoja akaguna. Ilipofika kwa wazee wanaobebwa, bibi kizee akageuza kichwa. Masikio yake hayakuwa mazuri; akamuuliza mwanawe, "Anasemaje?"

"Anakusalimu, mama."

"Mimi?"

"Anasema asante kwa kuja."

Bibi akaiambia redio, kwa Kihehe, maneno ambayo sikuyaelewa yote, lakini watu walicheka, na kicheko kile hakikuwa cha kudhihaki. Tangu hapo wakaanza kuitikia. Mifugo? Salama, wakasema. Redio haikuwangoja, ilikuwa inakwenda na mambo yake, wao wakawa wanaitikia kwa haraka ili wasiachwe nyuma. Ilipouliza kama shingo za vitunguu zimekauka, watu wakamgeukia Mzee Kihwele, kwa sababu hilo lilikuwa la kujibiwa na mtu mmoja.

Mzee Kihwele alikohoa. "Bado kidogo," akaiambia. "Jua lipo, lakini tulichelewa kung'oa. Tutaviacha nje siku chache."

Mtangazaji akaaga, zikaingia habari nyingine. Katibu akanyoosha mkono kuongeza sauti, Mzee Kihwele akamzuia. "Subiri kwanza, mgeni anaondoka." Akasimama, akavaa kofia yake, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema na mtu aliye mlangoni, "Haya, mkwe. Uwasalimu nyumbani."

Kisha akanigeukia. "Utapita Uporoto?"

Nikasema nitapita.

"Mwambie mshenga asichelewe. Na hiyo mashine yako ifungue, watu wa vitunguu wako hapa."

Nikaifungua. Nilipomsogezea maiki, hakuanza na vitunguu. Aliuliza kwanza watu wa milimani wameamkaje, na kama mvua imepungua, na maua yanakauka vipi, akauliza taratibu, jambo moja moja, na mimi nikauacha utepe uzunguke.